Kijana Aliyenikwepa Mwadui

Tangu mgodi ufunguliwe hapa Mwadui, kila mtu humshuku mwenzake kuwa kaficha almasi. Mimi nawauzia vibarua uji, na nilijiona hodari wa kusoma watu: msemaji hutaka sifa, mchekeshaji hutaka kukopa, na anayekwepa macho ana alichoficha.

Basi yule kijana mrefu alinitia shaka. Kila akiniona huacha njia na kujitosa vichakani. Uji wangu hagusi, hata njaa imuume vipi.

Juzi nikamvizia kwenye kona, nikamkwida.

“Toa ulichoficha!”

Aliinamisha kichwa, nami nikazidi kuamini. Watu wakajaa. Nikatumbukiza mkono mfukoni mwake.

Mume wangu akaja mbio. “Mama Kabula, mwachie! Huyu ndiye anayemposa Kabula. Tumeshakubaliana na wazee wake ng'ombe wa mahari, nilikuwa natafuta siku ya kukwambia!”

Kumbe alinikwepa kwa adabu, kama Msukuma yeyote anavyomkwepa mama mkwe. Mimi, Msukuma wa kuzaliwa, sikulitambua hilo. Na mkono wangu, mbele ya kambi nzima, ulikuwa bado ndani ya suruali ya mkwe wangu.