Mama na kuku wa kompyuta

Jamani, leo Mama kagundua ugonjwa wa kuku wa kwenye tivii!

Nimemwekea ile katuni tuliyokuwa tukiitazama utotoni kwa jirani, tivii ya kwanza ilipoingia mtaani kwetu Utemini. Sasa imetengenezwa upya kwa kompyuta. Unaona unyoya mmoja mmoja ukipepea!

Mama anafuga kuku, katuni hajawahi kuiona. Dakika ya tano tu:

"Huyo mwekundu ana mdondo. Mabawa yameshuka. Wamtenge!"

"Mama, huyo kachorwa."

"Kachorwa akiumwa."

Nikamtazama upya huyo mwekundu. Maana mwisho naujua: mwekundu anakufa. Utotoni tulimlilia tu, hatukujua kimemuua nini.

Hivi hao wachoraji walikaa na kuku wagonjwa muda gani?

Nageuka nimuulize Mama, hayupo. Yuko bandani, anakagua mabawa.