Karatasi Mbele ya Rejeta

Mume wangu wanamwita Bwana Joto. Gari lolote likichemsha mtaani, huletwa gereji kwake, naye huanza kwa kupapasa mipira ya maji, wa juu kisha wa chini. "Injini haidanganyi," husema. Watu ndio hudanganya, eti. Basi mwezi uliopita aliyeitwa mwongo ni wifi yangu, dada yake wa tumbo moja.

Wifi alikuwa akiendesha teksi yao, yeye na mumewe. Siku hiyo ilichemsha, mume wangu akafungua rejeta, akaikuta kavu. "Huweki maji wewe!" Wifi akaapa kwamba anaweka kila asubuhi. "Mwanamke na gari, wapi na wapi!" kaka yake akamjibu, mbele ya shemeji, mume wa wifi. Loo! Shemeji hakungoja la pili, akamnyang'anya mkewe funguo. Wifi akabaki nyumbani, akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jana shemeji kairudisha teksi mwenyewe gereji. Ikikimbia barabarani haina neno, ila ikifika kwenye foleni inachemka vilevile. Mume wangu akakuna kichwa. Feni ilikuwa inazunguka, tena kwa nguvu. Akaniambia nishike karatasi mbele ya rejeta, maana feni nzima huivuta ikanata pale. Wapi! Karatasi ikanipiga usoni. Kumbe feni ilizunguka kinyume, ikisukuma upepo nje.

Na feni hiyo aliifunga nani? Bwana Joto mwenyewe, siku chache kabla ya ule ugomvi, akachanganya nyaya mbili. Nyani haoni kundule.

Akazigeuza, karatasi ikanata. Shemeji, asiyejua kitu, akampiga bega. "Fundi ni wewe! Dada yako angeniulia gari."

Angeweza kunyamaza. Nilishaanza kumkata jicho, lakini akaniwahi.

"Shemeji, kosa ni langu. Feni niliifunga vibaya. Maji alikuwa anaweka, yakachemka yakaisha. Nimemwonea dada yangu." Hakuthubutu kuinua macho.

Tukaenda sote nyumbani kwao. Mume wangu akampa wifi funguo kwa mikono miwili, akaomba radhi.

"Yameisha, kaka," wifi akasema. "Ila ulivyosema wewe, fundi, nami nikaamini. Nikadhani kweli nasahau. Siku hizi hata jiko nikishalizima, narudi kulitazama mara mbili."

Bwana Joto akakaa chini pale pale mlangoni, akalia.