Siku Landrova Ilipooga Maji ya Maharage

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, maharage ya shangazi yangu Naelijwa yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua, huku kwetu milimani, juu ya sehemu za Mamba, tuliiosha Landrova ya Serikali mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nasema "tuliiosha" kwa sababu na mimi nilikuwamo, tena mstari wa mbele, suruali nimeikunja hadi magotini. Kaa vizuri, mwanangu, nikueleze. Na hiyo simu iweke mfukoni kidogo, haitakimbia.

Wewe umeajiriwa juzi wilayani, hongera sana. Mama yako ameniambia umepewa na gari la kuzungukia vijiji. Nimefurahi, sikufichi. Ila nimewasikia ninyi vijana wa ofisini mkibishana habari ya gharama za kuweka magari ya Serikali safi, na mnachokitaja ni sabuni, matambara na malipo ya mwoshaji pale Same mjini. Hizo ni gharama za kwenye karatasi. Iko nyingine ambayo haipiti ofisini kwenu hata siku moja, na hiyo mimi niliiona kwa macho yangu.

Ninyi mliokulia kwenye bomba mmeshaisahau ndiva. Basi ndiva ni bwawa dogo walilolichimba babu zetu kwa jembe na jasho. Usiku linajazwa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwa mfereji tunaouita mfongo mpaka shambani kwa mwenye zamu. Mwenye zamu ni mmoja tu. Zamu yako ikikupita, unasubiri wenzako wote wamalize ndipo ikurudie. Na ndiva yetu siku hizo ukuta wake ulikuwa umeanza kuvuja, haijai kama zamani, kwa hiyo zamu zilikuwa mbali mbali. Sasa mwambie ua la harage lisubiri. Halijui kusubiri.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa ameomba simenti wilayani, akaomba tena, mpaka siku hiyo mkubwa mmoja akakubali kupanda mlimani pamoja na fundi ili waione hiyo ndiva. Ikaangukia siku ya zamu ya shangazi. Wakakubaliana vizuri kabisa: wageni waione kwanza ikiwa imejaa, kisha ifunguliwe, maji yaende kwenye maharage yake. Shangazi hakuwa na neno. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akajifunga kanga kiunoni akaenda shuleni kuwapikia. Makande yake yalikuwa hayana mpinzani kijiji kizima, na yeye mwenyewe alilijua hilo, usidhani alikuwa mnyenyekevu.

Landrova ikafika saa ya chakula. Jamani! Vumbi la tambarare lilikuwa limeiganda, halafu pale inapovuka kijito ikaongezewa matope. Hata rangi yake ulikuwa huioni. Wageni wakakaribishwa darasani, wakaketi, na wakati wanaletewa chakula mwenyekiti akatoka nje akalizunguka lile gari huku anatikisa kichwa.

"Wageni wetu waondoke na uchafu huu?" akatuuliza sisi vijana. "Huko Same si watasema tumewalaza zizini?"

Sasa uelewe, kwetu mgeni wa mbali huletewa maji anawe miguu kabla hajaketi. Ndivyo tulivyolelewa, na usipofanya hivyo wazee watakusema mpaka uzeeke. Mwenyekiti akapiga boneti kwa kiganja. "Na miguu ya mkubwa ni hii hapa," akasema. Tukacheka, lakini hakuna aliyeona kosa. Mtoni ni mbali kwa ndoo. Mfongo unapita kando ya uwanja wa shule. Akasema ndiva ifunguliwe kidogo tu, kidogo sana, maji ya kusuuza.

Nilikimbia na wenzangu tukaifungua. Ningeweza kukuambia nilisitasita, lakini ningekuwa nakudanganya. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na kichwani nilishamwona mkubwa akitoka darasani, akiuliza, "Huyu kijana hodari ni nani?" Nikaokota jiwe la kusugulia matairi, nikasugua hadi vidole vikauma. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi za darasa na kikombe chake cha chai ya tangawizi, anatutazama tu kama mtu anayemtazama kuku akidonoa.

Ila ndiva haifunguliwi kidogo. Kizibo chake kilikuwa cha udongo na magogo ya migomba, na ukishakichomoa, maji yanayasukuma magogo yenyewe. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amebaki kule juu kukirudisha. Gari lilitumia sehemu ndogo sana. Mengine yote, kwa kuwa mfongo tulikuwa tumeubomoa pale shuleni ili maji yafike kwenye gari, yakapita uwanjani, yakaingia njiani, yakateremka bondeni kwenye magugu yasiyo na mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu.

Wageni wakashiba, wakashukuru, wakapanda kwenda kuiona ndiva. Wakakuta matope na vyura. Yule fundi akashuka ndani, akagongagonga ukuta kwa fimbo, akapanda akijifuta mikono. "Mzee, hii haishiki maji," akamwambia mkubwa wake. "Kuleta simenti hapa ni kuitupa."

Ulitegemea mtu aseme, siyo? Hakuna aliyesema. Mwenyekiti akakohoa, akasema kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali sana. Wazee wakatazama chini. Na mimi nikajificha nyuma yao, suruali ikinidondoka maji.

Wakati huo shangazi akawa anapanda na wenzake wa jikoni, ana masizi hadi kwenye viwiko, anakuja kushuhudia maji yake yakifunguliwa. Akaitazama ndiva. Kisha akaitazama suruali yangu. Nilimwona alivyoelewa yote mara moja. Alipopiga hatua kwenda mbele nikamshika kanga kwa nyuma, nikamnong'oneza, "Shangazi, tafadhali, utatuaibisha."

"Heri lawama kuliko fedheha," akasema, wala hakunong'ona. "Niachie nguo yangu."

Mkubwa alipomwona akamwamkia kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshiba?"

"Nimeshiba sana, mama. Makande matamu."

"Nimeyapika mimi. Basi nisikilize. Asubuhi ndiva hii ilikuwa imejaa. Inavuja, kweli, lakini maji inashika. Leo hayamo kwa sababu yameogesha gari lako. Yalikuwa ya maharage yangu, na yalipochukuliwa mimi nilikuwa jikoni nakupikia, hakuna aliyekuja hata kuniambia. Watu wangu hawa wanaona haya kukueleza. Mimi sioni. Mficha uchi hazai. Nimemaliza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haki ya Mungu, siku ile nilimwonea aibu shangazi yangu, mtu aliyenilea tangu mama yangu afariki. Mwenyekiti alikuwa amefura kama chura. Mkubwa akageuka taratibu akamtazama dereva wake.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Wewe uliwaagiza?"

"Mimi siwaagizi, mzee. Wanaosha wenyewe. Kila kijiji wanaosha."

"Kila kijiji?"

"Kila tunakokwenda. Mzee unakuwa ndani kwenye mkutano, huwezi kuona. Hata kule tambarare, juzi tulipopita Hedaru, waliosha kwa maji waliyoyanunua kwa ndoo."

Yule mkubwa akaigeukia tena ile ndiva tupu. Usoni mwake haikuwa hasira, kilikuwa kitu kingine, kama mtu aliyeambiwa habari ya mwanawe mbele ya kadamnasi. Halafu akasema, karibu kwa kujiambia mwenyewe, "Na mimi miaka yote najisifu kwamba nina dereva msafi." Akamwomba shangazi radhi mbele yetu sote. Akamwahidi kwamba fundi atarudi siku nyingine, asubuhi, ndiva ikiwa imejaa, na atapanda kwa miguu kutoka barabarani. Wakaondoka. Sisi tuliobaki tuliitazama Landrova ikiteremka, na kabla haijafika hata nusu ya tambarare ilishakuwa na rangi ileile iliyokuja nayo.

Nilidhani shangazi atanichapa maneno njia nzima, maana ulimi wake ulikuwa hauna likizo. Alitangulia tu mbele. Tulifika nyumbani, akaketi, akaanza kuchambua mboga, nami nikasimama mlangoni kama mkwe. Nikajitetea, nikasema ni mwenyekiti aliyeamuru.

"Mwenyekiti amenisahau, sawa," akasema. "Yeye ana watu wengi wa kuwakumbuka. Lakini wewe, Elinami, yale maharage tulipanda pamoja. Ulikuwa mbele unachimba, mimi nyuma nafukia. Ulipokuwa unafungua ndiva hukunikumbuka?"

Nilikuwa nimemsahau kweli, mwanangu, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba sikumkusudia ubaya wowote. Nililia pale mlangoni, kijana mzima mwenye ndevu, na shangazi akaniacha nilie hadi nikamaliza ndipo akaniambia nikalete kuni.

Maua ya maharage yalidondoka. Zamu ilipomrudia hakukuwa na cha kunywesha ila majani, na mwaka ule alivuna kiasi cha mbegu tu. Tulikula kwa kuazima kwa majirani. Mwenyekiti alikaa muda mrefu akimpita shangazi njiani bila salamu, na shangazi naye kila mara alimsalimia kwa sauti ya juu ili kijiji kisikie, kumkomesha tu. Simenti ilikuja, ndiyo, baada ya kungojewa hadi tukachoka kuitaja. Ukuta wa ndiva ukazibwa. Lakini maharage ya mwaka ule hayakurudi na simenti.

Sasa shika hili, nawe ukawaambie na wenzako. Sikukatazi kuwa na gari safi. Uchafu si sifa, na mali ya umma itunzwe. Lioshe mwenyewe, kwa maji unayojua yalikotoka. Lakini ukifika kijijini, hasa kijiji kikavu, liache na vumbi lake. Vumbi la njia ya watu halimvunjii mtu heshima. Ukiona vijana wanakuja mbio na ndoo, teremka uwazuie, tena uwazuie kwa upole, kwa sababu hawafanyi kwa ubaya. Watu wetu wana tabia ya kumpa mgeni mwenye cheo hata kile ambacho si chao kumpa, na watakupa huku wanacheka. Wewe ndiye mwenye wajibu wa kukataa. Na ikitokea umetoka mkutanoni ukakuta gari linang'aa, usiingie ukaondoka. Uliza maji yalikuwa ya nani. Uliza mpaka upelekwe kwake, hata kama yuko jikoni anakupikia.

Haya, nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akulinde katika makorongo na kona za barabara zetu hizi. Akupe cheo, na akupe macho ya kuona nje ya chumba cha mkutano. Kila utakapoegesha, watu wafurahi kwamba umekuja, na ukishaondoka mama aliyekupikia aende shambani kwake akakute kila kitu kiko vilevile alivyokiacha.