Mguu wa Kaka Kwenye Klachi

Kaka yangu alikuwa dereva mbovu. Naanza na hilo kwa sababu tangu afariki kila mtu anamsifu, na mimi uongo siupendi hata wa msibani. Alikuwa na gari la spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini mpaka ukitaka kutoka inabidi mtu akuvute mkono. Kwa mtu wa Kwedizinga, ambako kiangazi ni vumbi na masika ni tope, kununua gari kama lile ni kutafuta maneno. Halafu alikuwa na tabia ya kuegesha mguu wa kushoto juu ya pedeli ya klachi muda wote, safari nzima.

"Toa mguu kwenye klachi," nilimwambia kila nilipopanda.

"Mwalimu, kafundishe watoto wa watu. Miguu ni yangu."

Nyuma yetu alikuwa akikaa mtani wetu, magoti yamemgusa kidevu, anacheka. Yeye ni Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa Mazinde kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Sisi Wazigua.

Mwaka jana kaka alilipandisha gari Bungu, kule milimani, kwa kujionyesha tu. Klachi ikaungua. Likavutwa kwa kamba mpaka uani kwangu Korogwe, likaachwa kando ya tangi la maji. Akaagiza klachi mpya kutoka Dar es Salaam, akasema tutaifunga wenyewe, fundi wa nini, mimi nina akili na yeye ana mikono. Akachukua chaki yangu ya shule, akaandika kwenye sahani yake, lile duara la chuma linalobanwa na injini, upande mmoja: HUKU INJINI. Sahani ikifungwa kinyume, gari haliendi. Kisha akaondoka na boksi la klachi kwenda nalo Kwedizinga lisije likaibiwa, kana kwamba kwangu wanaishi wezi.

Ikaja homa. Siku nne tu, akawa hayupo.

Sikulia. Pale msibani Kwedizinga mtani alivaa kofia ya kaka na miwani yake ya jua, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akawa anabadilisha gia kwa mwiko wa pilau. Ndiyo kazi ya mtani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wapate kupumua. Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitazama tu. Nikamsikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona kwamba huyu dada ana roho ngumu. Sikukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza, maana mimi hukasirika hata na kuku.

Kaka hakuacha mke wala mtoto. Baba mdogo akatamka kwamba vitu vyake vitagawanywa siku ya arobaini, baada ya kisomo. Kuhusu gari akaniambia, "Mwanangu, likifika hapa kwa magurudumu yake siku hiyo, ni lako. Lisipofika, watu wa vyuma chakavu watakuja walikate. Sitaki lioze kama mzoga." Nikasema sawa, baba mdogo. Nililitaka lile gari. Nilijua hivyo kwa kichwa tu, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Nikaomba ruhusa shuleni. Nikapandisha gari kwa jeki, nikaliegemeza juu ya magogo manne, nikatandika gunia, nikalala chini. Niliangalia video kwenye simu, nikafungua nati, nikaangalia tena. Grisi ilinidondokea mdomoni, nikaacha tu. Majirani walikuja kunipa pole, wakaikuta miguu yangu, wakaipa pole hiyo hiyo miguu. Niliwajibu asanteni kutoka chini ya gari, na sikutoka.

Siku ya tatu mtani alikuja kunisaidia kushusha giaboksi. Yeye anafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, ana mikono ya kubeba. Tukaishusha kifuani kwake, akasema Wazigua tangu zamani mmezoea kutubebesha mizigo. Kwa kawaida ningemrudishia mbili. Siku hiyo nilimwambia tu aisogeze kidogo.

Sahani ya zamani ilitoka nyeusi, imelika mpaka kwenye ribiti zinazoishikilia. Nikafungua boksi la mpya, lililokuwa limetoka Kwedizinga pamoja na begi la nguo za kaka. Sahani ilikuwa inang'aa. Nikaigeuza huku na huku. Hakuna chaki.

Nikampigia shangazi. "Shikamoo shangazi. Ile sahani ya klachi ya kaka, mbona haina maandishi ya chaki?"

"Marahaba. Ile sahani? Tuliisafisha, mama. Siku ya tatu ya msiba si tulifua vitu vyake vyote? Na ile tukaisugua kwa sabuni, tukaianika juu ya kanga. Ilikuwa na uchafu mweupe."

Kwetu vitu vya marehemu haviachwi na vumbi lake. Ni adabu. Nikamshukuru. Nilikaa na ile sahani mapajani, nikajaribu kukumbuka aliandika upande wenye springi zilizotokeza au ule ulio bapa. Nilikuwepo. Chaki ilikuwa yangu. Niliukumbuka mkono wake, nikakumbuka mpaka kucha yake iliyopasuka, lakini upande sikuukumbuka. Nikachagua springi ziangalie injini, basi tu, kwa uchovu. Mtani alichonga mpini wa mwiko tuutumie kama kipimo cha kuiweka sahani katikati, tukafunga kila kitu. Kazi ya siku mbili.

Gari likawaka. Nikakanyaga klachi, nikasukuma gia, likapiga kelele mbaya, gia ikagoma. Nikajaribu mara tano.

Zilibaki siku tatu kufika arobaini. Mtani alinitazama kama anayesubiri nipasuke. Nikazima injini, nikachukua spana, nikalala tena chini kwenye gunia. Tulipoifikia sahani, springi zilikuwa zimekwaruza chuma cha injini, alama ya duara, mpya kabisa. Kwa hiyo upande bapa ndio HUKU INJINI. Nikaigeuza. Wala sikufurahi.

Siku ya arobaini, mtani akiwa ametangulia, niliondoka Korogwe peke yangu. Gia ziliingia laini. Nilipoacha lami tumbo la gari likaparuza matuta, nikaendelea. Nilipoingia pale nyumbani watu walikuwa wamemaliza kisomo. Baba mdogo akasimama, akalizunguka gari, akagusa bodi kwa kiganja. "Ni lako," akasema. Nikasema asante, baba mdogo. Nilisubiri nisikie kitu moyoni. Sikusikia kitu.

Ndipo mtani akajitokeza na ile kofia na ile miwani, akaninyang'anya ufunguo. Mtani hanyimwi. Akaingia, akawasha, akaliondoa gari kwa kunguruma, polepole, akizunguka ua, na moshi ukaanza kunuka. Niliijua ile harufu. Alikuwa ameegesha mguu.

Nikapandwa na hasira, zile zangu zenyewe. "Toa mguu kwenye klachi!"

Akashusha kioo. Hakunitazama. Akasema kwa sauti ya kaka, kwa ule uvivu wake wa kumalizia maneno puani, "Mwalimu, kafundishe watoto wa watu. Miguu ni yangu."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nadhani, ila kilichotoka hakikuwa kicheko. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi na gauni langu la kisomo, nikamlilia kaka yangu. Mtani akazima gari, akashuka, akavua kofia. Yule mama aliyesema nina roho ngumu akaja akakaa karibu yangu, akanifunika mabega kwa mtandio wake. Hakuniambia ninyamaze.