Kinini cha Rosalie

Clémence alikuwa mwanika maganda. Mwaka ule wa 1974, kila asubuhi alitoka mtaani kwake Kadutu kwenda kwenye uwanja mmoja pembeni mwa Bukavu, ambako maganda ya mti wa kinkina yalikaushwa juani ili yatengenezwe dawa ya malaria. Inasemekana wenyeji wa milima ya Amerika ya Kusini ndio walioliita ganda hilo *kina*. Wahispania wakalichukua neno, Wafaransa wakalipokea, na lilipofika Kivu lilikuwa limekwisha kuwa kinini. Kila lilikopita lilileta matumaini.

Kwa Rosalie, binti yake aliyeanza kutembea juzi tu, lilileta hofu. Mwezi uliopita Clémence alimwachisha ziwa kama walivyofanya wenzake wote wa uwanjani: alijipaka unga wa maganda kwenye chuchu, na mtoto aliposogea akamwonya, "Kinini!" Rosalie alionja, akalia, akakoma. Tangu siku hiyo, akilisikia neno hilo, alifumba mdomo.

Sasa alikuwa anawaka homa.

"Vidonge viliisha, maman," alisema Isidore, muuguzi wa zahanati. "Camion ya kuleta dawa imekwama mu matope."

"Nimuache afe?"

"Hapana. Una maganda?"

Clémence alifungua pindo la kitenge. Vilikuwemo vipande vichache alivyopewa na kapita, msimamizi wa uwanja, kwa ajili ya homa za nyumbani. Isidore alivipima, akavichemsha, akapoza maji yake kikombeni.

"Haya, mama mukubwa," alimtania mtoto, "kunywa kinini!"

Rosalie alikaza meno, akarusha mkono. Nusu ya dawa ikamwagika sakafuni.

"Tonton, usiseme ile neno!" Clémence alimlilia muuguzi.

"Sikujua, maman. Ile imebakia ndiyo yote. Asipokunywa..."

Macho ya mtoto yalikuwa yameanza kupinduka.

Clémence alimpakata, akafungua blauzi, akamlaza kifuani kama zamani. Akapiga funda dogo yeye mwenyewe. Uchungu ulimpanda hadi masikioni, lakini uso wake haukukunjamana, alitabasamu.

"Ya maman," alinong'ona, akikishika kikombe karibu na ziwa.

Rosalie alimtazama. Midomo ikaachana. Akameza, akashtuka, akatafuta tena uso wa mama. Tabasamu lilikuwa palepale. Akameza tena, mpaka kikombe kikabaki kitupu.

Ndipo Clémence alipogeukia ukuta na kutema mate machungu.

Kesho yake jasho lilimtoka mtoto, mwili ukapoa. Akanyoosha mkono kuomba ziwa. Clémence aliliosha kwa sabuni, akampa.