Mjomba Asiyezima Gari

Kwa miaka mitano mjomba wangu Ebeneza hakuzima gari kabla ya jua kuzama. Stata ya kenta aliyokuwa akiendesha ilikufa, na badala ya kununua nyingine akajenga tuta la udongo nyuma ya nyumba yake huko Ndandalo. Kila jioni aliipandisha kenta juu ya tuta na kuweka mawe kwenye matairi. Kila alfajiri aliyatoa mawe, gari likateremka lenyewe mpaka injini ikashika. Kuanzia hapo ilinguruma kutwa. Ilinguruma akipakia, ilinguruma akila, ilinguruma nje ya kanisa yeye akiwa ndani anaimba besi, mpaka mwalimu wa kwaya akaagiza madirisha yafungwe.

"Kuwasha gari mara moja kunakula mafuta kuliko kuliacha lingurume saa nzima," alikuwa akisema.

Si kweli, na fundi alishamwambia si kweli. Injini ya namna ile ikinguruma bila kazi inakunywa karibu lita moja kwa saa. Mjomba akajibu kwamba fundi anatafuta pa kuuzia stata. Nilipomweleza mimi, alicheka mpaka akakohoa. "Msomi, huko chuoni mlikuwa mnaendesha madaftari."

Na huyuhuyu, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei mpya za mafuta zinapotangazwa, alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Alilaumu vita vya nchi za mbali. Alilaumu wenye sheli. Aliwalaumu wanaovusha vidumu mpakani. Alikuwa na haki ya kulalamika, sikatai. Mafuta yamepanda na yanatuumiza wote, hata bibi anayepeleka ndizi mbili tatu sokoni. Lakini mtu anayelia njaa huku anamwaga uji chini, mimi simhurumii.

Alizaliwa Ndandalo, mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga. Ujanani alikuwa utingo wa lori lililopeleka mchele Mbeya. Dereva aliyemfunza alikuwa mtu wa mbwembwe. Alipiga resi mbele ya kila kilabu, na alikanyaga mafuta hata alipoona mita hamsini mbele kuna watu wanasubiri kupanda, kisha akafunga breki ghafla ili vumbi liwapite. Mjomba akamwona huyo ndiye dereva. Kwamba mzigo umefika salama, hilo hakulihesabu kuwa ufundi. Ufundi ulikuwa mlio.

Kenta yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Zebedayo, mnunuzi wa kakao, aliyemkabidhi kwa masharti mafupi: mafuta juu yako, hesabu niletee kila wiki. Mpunga ni wa msimu, kakao ina gari lake jingine, kwa hiyo mzigo wa uhakika ulikuwa mmoja tu: vyungu vya Lyulilo, kila Ijumaa, kwenda Kyela. Bila vyungu hakuna hesabu, na bila hesabu hakuna gari. Mjomba alilijua hilo. Angetile alilijua zaidi.

Angetile ni mfinyanzi, Mkisi, mama wa miaka sitini hivi, na ndiye anayewaongoza wenzake kumi na mmoja. Vyungu vyao hufika Lyulilo, kando ya ziwa, kwa mitumbwi kutoka vijiji vya chini ya milima. Hapo huvipanga upya juu ya majani makavu ya migomba, midomo chini, kisha wanawake hupanda na kukaa juu ya mzigo, kila mmoja akivibana vyungu kwa miguu ili visigongane. Kwa mwendo wa mjomba, kila Ijumaa vilivunjika kumi, kumi na tano. Hasara ilikuwa yao. Na kila bei ya mafuta ilipopanda, nauli ya chungu ilipanda. Kwa maneno mengine, mafuta aliyoyachoma Ebeneza akiwa amekaa kwenye kibanda cha chai waliyalipa wao.

Ijumaa ninayoisema nilikuwa nimeomba lifti. Tulifika Lyulilo asubuhi, na kenta ikaachwa inanguruma pembeni ya mitumbwi.

"Ugonile, tata," Angetile alimsalimu, akimwita baba kwa heshima.

"Ndaga, mama. Nauli imepanda."

"Unasemaje?"

"Nauli imepanda!"

"Sisikii! Zima gari tuongee!"

"Halizimwi!"

Kisa, mdogo kuliko wote katika wale wanawake na mwenye mdomo kuliko wote, akaziba masikio. "Tata, mbona hilo gari linalia tu? Linaota meno?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mjomba akapiga kelele kwamba dizeli imepanda tena, kwamba kuanzia leo kila chungu kitaongezewa shilingi mia mbili, na asiyetaka apakie kwenye mtumbwi wake arudi alikotoka. Angetile aliwaita wenzake pembeni, wakanong'ona kwa Kikisi, kisha akarudi na kusimama karibu kabisa na sikio la mjomba.

"Tutalipa," akasema. "Lakini kila utakaposimama, uzime. Mafuta tunayolipia yatupeleke sokoni, yasitupigie kelele."

"Nikizima, nani atawasha?"

"Sisi. Tuko kumi na wawili. Tumeponda udongo tangu wasichana, tutashindwa na debe hili?"

"Nisukumwe na wanawake? Mbele za watu?"

"Basi tutatafuta wa kusukumwa."

Nilimwona akiitazama ile mitumbwi, akiutazama mzigo wa vyungu zaidi ya mia mbili, akijua Zebedayo anasubiri hesabu yake. Akapanda, akazima. Ghafla tukasikia maji ya ziwa yakigonga kokoto, na mtu akikohoa mbali kabisa. Walipakia kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona pale. Walipomaliza, wote wakashika nyuma ya kenta, nami nikashika, tukasukuma. Mara ya pili ikashika. Kisa akapiga vigelegele.

Mpaka Ipinda tulikwenda vizuri. Angetile alikaa kati yetu mbele, na kila mjomba aliponyanyua mguu kwenye pedali mapema kabla ya kona au shimo, mama huyo alisema, "Ndaga, tata," kama anamshukuru mtu aliyempisha njia. Naapa hakuna chungu kilicholia. Nilianza kuamini kwamba mtu wa miaka hamsini anaweza kujifunza.

Ipinda mama mmoja, abiria tuliyempakia njiani, alitaka kushuka. Mjomba akasimama, akazima kama walivyopatana. Wanawake wakaruka chini kusukuma, na vijana wa bodaboda kijiweni wakasimama juu ya pikipiki zao ili waone vizuri.

"Mzee Ebeneza! Siku hizi kenta inatumia ugali?"

"Lita moja ya ugali inakwenda kilomita ngapi, mzee?"

Kisa hakuwaacha. "Inakwenda kuliko wewe, unayenunua petroli ya chupa ya soda unapiga resi hapohapo ulipo! Mafuta yameisha, abiria hujabeba!"

Hata vijana wenyewe walicheka. Yangeishia hapo. Lakini Dickson, dereva wa Noah anayegombea abiria na mjomba kila siku, alikuwa akipita. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Mama zangu, msukumeni hivyohivyo mpaka Kyela! Mtapata na mazoezi!" Akapiga honi, akatutimulia vumbi.

Injini iliposhika, mjomba hakusubiri wanawake wakae vizuri. Alikanyaga.

"Taratibu, tata," Angetile akasema.

"Mimi si mtu wa kuchekwa."

"Nani kakucheka? Wamecheka gari."

"Ni kitu kimoja!"

Hapo ndipo nilipomwelewa mjomba wangu, na kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo. Nilimwambia apunguze. Nilimwambia kwa heshima, kisha bila heshima. Alikuwa akiifukuza Noah ambayo asingeipata hata ateketeze tangi zima, na moshi mweusi ulitufuata nyuma kama mtu anayechoma majaruba. Mbele, mzee mmoja alikuwa akivusha ng'ombe wake wawili kwenda upande wa pili wa barabara. Tuliwaona kwa mbali kabisa. Dereva yeyote angenyanyua mguu tu, gari lingepunguza mwendo lenyewe. Mjomba aliendelea kukanyaga mpaka mwisho, kisha akafunga breki.

Chungu kimoja kikivunjika kinalia. Vikivunjika themanini kwa pamoja, sauti inakuwa ya kitu kizito kinachokaa chini. Wanawake walipiga mayowe. Kisa alishuka na damu kwenye muundi, kipande cha chungu kimemchana pale alipokuwa amevibana vingine. Alifungwa kwa kitambaa, akasimama kwa mguu mmoja.

Mjomba akashuka pia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmeiona barabara hii? Mmeona wanavyoachia ng'ombe?"

Injini ilikuwa inanguruma. Angetile aliupita mlango wa dereva kana kwamba hakuna mtu, akaenda nyuma, akaanza kushusha vilivyo vizima. Chungu kimoja kimoja, kwenye majani ya ukingo wa barabara. Wenzake wakafuata.

Watu wa Kyela ni watu wa baiskeli. Haukupita muda mrefu wakapita wanaume watano waliotoka kupeleka mpunga mashineni, baiskeli zao tupu. Angetile akaongea nao. Wakaja wengine watatu. Vyungu vilifungwa kwa kamba za migomba, vinane hapa, kumi pale, na vilivyobaki wanawake wakajitwisha. Wakaanza kwenda, Kisa akikokotwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mwisho.

Mjomba aliwafuata kwa kenta tupu, gia namba moja, kilomita baada ya kilomita, kichwa nje ya dirisha. "Mama, nauli ile ya zamani! Mama, nawapeleka bure! Jua litawachoma!" Mimi nilikuwa nimeshashuka na nimebeba vyungu viwili, na nakiri sikugeuka kumtazama.

Walifika. Waliuza walichofika nacho. Ijumaa iliyofuata baiskeli kumi na tano ziliwasubiri Lyulilo kabla mitumbwi haijatia nanga.

Wiki mbili baadaye Zebedayo alikuja Ndandalo, akauliza hesabu iko wapi, akasikiliza, akachukua funguo. "Siku wale mama watakaporudi kupakia kwako, njoo uchukue," akasema. Hakuwa na hasira. Mfanyabiashara hana haja ya hasira.

Kwa hiyo mjomba akanibembeleza nimsindikize Lyulilo. Tulikwenda kwa Noah ya Dickson, ambaye kwa utu wake hakumtania njia nzima. Nilimwambia mjomba, "Sema umekosa. Usiongeze kitu. Yule mama atakusamehe kabla hujamaliza."

"Najua la kusema," akanijibu.

Kutoka Lyulilo tulipanda mtumbwi mpaka kijijini kwao, tukamkuta Angetile amekaa chini, chungu kibichi mbele yake, analainisha ukingo kwa jiwe dogo lililolowa. Aliposikia salamu aliliweka jiwe pembeni. Alituagizia viti. Alinawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, jambo ambalo mfinyanzi hafanyi katikati ya kazi, maana udongo unakauka. Kisha akakaa akimtazama mjomba usoni, na akasubiri.

Mjomba akavua kofia. Akakohoa.

"Mama Angetile," akasema, "wewe mwenyewe unajua dizeli ilivyopanda."

Angetile akaokota jiwe lake, akalichovya majini, akarudi kwenye chungu.