Damu Niliyoitoa kwa Jina la Dada

Harufu ya spiriti ikinipiga puani, hadi leo mkono wangu wa kushoto hujikunja wenyewe. Nilikuwa na miaka minane, tunakaa Likoni, mwishoni mwa miaka ya themanini, watafiti walipokuja zahanati kuchunguza damu za watoto wenye homa na maumivu ya mifupa yasiyokwisha. Kwetu mtoto wa namna hiyo alikuwepo: dada yangu Mwanasha. Alinizidi miaka miwili, lakini maradhi yalimdumaza hata tukalingana kimo. Yakimshika, vidole vilimvimba, macho yakawa manjano kama binzari, na akilia, wallahi, ungeziba masikio. Sisi tulisema ni baridi yabisi.

Asubuhi ya kwenda kupimwa, mama alimtazama Mwanasha alivyosawijika, akashika kichwa. "Huyu hata damu ya kwake haimtoshi, nimpeleke tena wakamfyonze?" Akanigeukia mimi. "Twende wewe. Ukiulizwa, wewe ndiwe Mwanasha."

"Lakini mama, mimi siumwi."

"Ewe nawe! Si mmetoka tumbo moja? Damu yenu ni ile ile."

Hakukusudia kumdanganya mtu, masikini. Aliamini hivyo, nami nikaamini. Nikakaa kwenye benchi, nikataja jina la dada yangu bila kupepesa macho, nikachomwa sindano, nikapewa biskuti. Nilijiona shujaa.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: damu ya Mwanasha haina kasoro. Mama alipiga vigelegele. Lakini tangu siku hiyo kilio cha dada yangu kikaitwa madeko. Akishindwa kwenda kuchota maji, baba alimkaripia, "Daktari kasema huna kitu. Inuka!" Naye aliinuka, akabeba ndoo huku ameuma mdomo. Masika ya mwaka ule mvua ilimnyea akiwa kwenye foleni ya bomba, homa ikampanda. Mama akampa aspirini tu, maana si karatasi ilisema ni mzima? Siku ya tatu, alfajiri, akakata roho. Adhuhuri tukamzika.

Nilichokifanya nilikijua nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa biolojia alipotueleza selimundu, maradhi ya damu yaletayo maumivu ya mifupa na macho ya manjano: kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja, huyu huweza kuirithi na yule akaepuka, kwamba huidhoofisha kinga ya mwili hata maambukizi madogo yakaua. Nilitoka darasani kabla ya kengele kulia. Siku hizi zipo hospitali zinazompima mtoto angali mchanga, akaanzishiwa dawa na chanjo mapema, na wengi hukua wakaoa na kuolewa. Nawafurahia, na roho inaniuma vibaya sana. Mama sasa ni mkongwe. Ugonjwa huo ukitajwa redioni, husema, "Masikini, watoto wa watu! Wangu Mungu alimwepusha na hilo."

Nami humjibu, "Ni kweli, mama," nikainuka kwenda kuosha vikombe.